Mtulinga uliotumbukia ndani: kisa cha kijana mpakia magunia

Kijana wa miaka 20, mpakia magunia kwenye soko la mahindi la Kibaigwa wilayani Kongwa, alifika hospitali ya rufaa mjini Dodoma siku ya tatu baada ya kuangukiwa na gunia. Alikuja na mama yake. Walikuwa na bahasha yenye eksirei ya bega la kushoto, karatasi ya kituo cha afya iliyoandikwa "hakuna mvunjiko", na vidonge vya maumivu vilivyobaki karibu vyote. Daktari wa zamu alipouliza kwa nini dawa hazijaisha, ndipo kisa kilipoanza kueleweka. "Havishuki, dokta," kijana alisema, akagusa shimo la chini ya koo. "Hata ugali unagomea hapa. Tangu jana nakunywa uji tu."

Niseme mapema kwamba kisa hiki ni cha kufundishia. Mgonjwa huyu si mtu mmoja wa kunyooshewa kidole. Nimemuunga kutokana na namna jeraha hili linavyojulikana kujitokeza, nikamweka mahali ambapo nisingeshangaa kumkuta.

Alichokuwa nacho ni kuteguka kwa kiungo kinachounganisha mtulinga, mfupa unaotoka begani hadi chini ya koo, na kidari, mfupa wa katikati ya kifua, ncha ya ndani ya mtulinga ikiwa imeingia nyuma ya kidari. Ni jeraha adimu. Katika viungo vyote vya eneo la bega vinavyoteguka, hiki huchukua takriban asilimia 3, na katika hao wachache walio wengi ni wale ambao mfupa umechomoza mbele. Wa kuingia nyuma ni wachache mno, kiasi kwamba tabibu anaweza kustaafu bila kumwona hata mmoja. Kwa hiyo sina nia ya kuwalaumu waliompokea kwanza. Eksirei waliyoipiga ilikuwa nzuri na waliisoma sawasawa: bega halikuwa na kasoro. Ila picha ya bega hujibu maswali ya bega, na huyu hakuumia bega.

Gunia lilitokea upande gani?

Karatasi ya kwanza iliieleza ajali kwa ufupi: ameanguka, ameumia bega. Kwa majeraha mengi ya mifupa maelezo hayo yanatosha kumpeleka mtu chumba cha eksirei. Kwa hili hayatoshi.

Daktari wa zamu alimpa mto wa kitandani uwe gunia, akamwambia, "Mdogo wangu, hebu nionyeshe ulivyoanguka, taratibu." Alikuwa anapanda ubao wa lori na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, mgongoni. Ubao ukayumba, akaanguka kwa ubavu wa kulia, na gunia lililomponyoka likamshukia kwa nyuma juu ya bega la kushoto, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa juu. "Likalisukuma bega likaja mbele hivi," alisema, akionyesha kwa mkono wa kulia kwa kuwa wa kushoto haukutaka kusogea. "Nikasikia kitu kimelia hapa kifuani. Begani hapana."

(Lumbesa hupigwa vita kila msimu kwa sababu humpunja mkulima. Sijasikia ikipigwa vita kwa ajili ya mgongo wa anayeibeba.)

Maelezo hayo peke yake yalikuwa nusu ya utambuzi. Mtulinga ni mfupa mrefu unaopita juu ya ubavu wa kwanza. Bega likisukumwa mbele kwa nguvu inayotoka nyuma, ncha ya nje ya mtulinga huenda mbele, na ncha ya ndani hurudi nyuma kama mtaimbo uliokitwa juu ya jiwe. Nguvu ikitoka mbele ikalisukuma bega nyuma, mambo hugeuka: ncha ya ndani huchomoza mbele ya kidari. Njia ya tatu ni pigo la moja kwa moja juu ya ncha yenyewe, mfano usukani wa gari, kwato la ng'ombe, au goti la mchezaji mwenzako uwanjani, nalo huusukuma mfupa ndani bila kuzunguka. Ajali za barabarani na michezo ya kugongana ndizo zinazotajwa zaidi vitabuni. Huku kwetu ningeongeza mizigo na mifugo, bila haja ya takwimu.

Kwa hiyo unapoambiwa mtu ameanguka, uliza aliangukia upande upi, kilichompiga kilitokea mbele au nyuma, na mlio aliusikia wapi. Mgonjwa akinyoosha kidole kifuani huku karatasi inasema bega, mwamini mgonjwa.

Kiungo kidogo, majirani wakubwa

Kiungo hiki ndicho pekee kinachoufunga mkono wote kwenye mifupa ya kiwiliwili kwa mfupa kugusana na mfupa. Kwingine kote bega limening'inia kwenye misuli. Cha ajabu ni kwamba mifupa yenyewe haikumbatiani vizuri: chini ya nusu ya uso wa ncha ya mtulinga ndiyo inayolala juu ya kidari. Kinachokishikilia ni kano, pamoja na kipande cha gegedu kilichokaa katikati ya mifupa hiyo miwili. Kano za nyuma ya kiungo ndizo imara kuliko za mbele, na ndiyo sababu mtulinga hupenda kuchomoza mbele kuliko kuingia nyuma. Ukiingia nyuma, jua kwamba nguvu iliyotumika haikuwa ndogo.

Sasa fikiria kilicho nyuma yake. Upande wa kushoto, nyuma kabisa ya kiungo, inapita vena kubwa inayorudisha damu kutoka mkono wa kushoto na upande huo wa kichwa na shingo. Karibu nayo kuna ateri zinazopanda kwenda kichwani na mkononi. Ukizidi kwenda ndani unakutana na bomba la pumzi, umio, neva inayoendesha sauti, na ncha ya juu ya pafu. Pembeni kidogo kuna neva zinazoshuka mkononi. Vyote hivyo vimesongamana mahali ambapo ngumi moja ingepafunika. Inakadiriwa kwamba takriban asilimia 30 ya wanaotegukia nyuma hupata dalili za kubanwa au kujeruhiwa kwa kimojawapo. Wengine huja na maumivu tu, na hao ndio rahisi kurudishwa nyumbani.

Ukiijua ramani hiyo, malalamiko ya kijana hayakuwa tena ya kushangaza. Ugali unakwama kwa sababu umio unabanwa. Anakosa pumzi akilala chali kwa sababu bomba la pumzi linasukumwa. Mkono mzito na uliovimba ni damu inayoshindwa kurudi.

Nyumbani walikuwa wameshapata jibu lao. "Mwanangu, mimi nilijua ni kimeo," mama alimwambia daktari. "Sauti imekauka, chakula hakishuki, anakohoa akilala. Shangazi yake alitaka tumpeleke akakatwe." Kwa anayeijua Dodoma, jibu hilo halina ajabu: kikohozi kisichoisha na koo linalokwama bado hupelekwa kwa wakata vimeo, wanaokata kile kinyama kinachoning'inia kooni. Daktari hakumkemea mama. Alimuuliza tu sauti ilianza kukauka lini, mama akasema ni usiku uleule wa ajali. Sauti iliyokauka saa chache baada ya gunia si kimeo na si mafua, na mama mwenyewe aliliona hilo kabla hajamaliza sentensi. Nalitaja kwa sababu dalili tatu alizozitaja zilikuwa sahihi zote, na zilikuwa nzito kuliko chochote kilichokuwa ndani ya ile bahasha. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Vidole kabla ya picha

Kijana alikaa ameinama kidogo mbele, kichwa kimeegemea kushoto, mkono wa kulia umeubeba wa kushoto mbele ya kifua. Mkao huo ni wa kawaida kwa jeraha hili: kichwa huelekea upande ulioumia ili misuli ya shingo ilegee. Alipoombwa alale chali alikohoa, akainuka mwenyewe. Daktari akamwacha akae.

Mtego mkubwa uko hapa. Mbele ya kiungo cha kushoto palikuwa na uvimbe. Mtu akitazama kwa macho tu angesema mtulinga umechomoza mbele, jeraha ambalo halina haraka na mara nyingi halihitaji hata kurudishwa. Lakini uvimbe wa damu na maji hujaa mbele hata pale mfupa umekwenda nyuma, na unaweza kuliziba bonde lililoachwa na mfupa hadi pakaonekana ni kilima. Macho yanadanganywa kirahisi mahali hapa.

Njia ya kuuvuka uvimbe ni vidole, na haidai vifaa. Simama mbele ya mgonjwa aliyekaa. Weka dole gumba kila upande wa shimo la chini ya koo, kisha vitelezeshe vyote viwili kwenda nje kwa wakati mmoja. Upande mzima, dole gumba litapanda juu ya kifundo cha ncha ya mtulinga mara moja, maana kimeinuka kuliko kidari. Upande ulioumia, libonyeze polepole na ulitulize hapohapo mpaka maji ya uvimbe yasogee pembeni. Kwa kijana huyu, upande wake wa kulia dole liligonga mfupa. Upande wake wa kushoto lilizama, na kilichoguswa ni ukingo wa kidari wenyewe, mkali, bila kitu kilichokaa juu yake. Hapo ndipo utambuzi ulipopatikana, kabla ya mashine yoyote kuwashwa. Asisukume mtu mahali hapo kwa nguvu ili kuhakikisha. Ukishahisi bonde, toa mkono.

Yaliyofuata yalikuwa ya kutafuta madhara. Mapigo ya mshipa wa damu wa kifundo cha mkono yalipapaswa pande zote mbili kwa pamoja, yakawa sawa. Presha ilipimwa mikono yote miwili. Rangi ya kiganja cha kushoto ilikuwa imeiva kuelekea zambarau, na vena za juu ya mkono na chini ya mtulinga zilikuwa zimetuna hata mkono ulipoinuliwa. Vidole vilikuwa na ganzi kidogo lakini vilikunja na kunyooka. Oksijeni kwenye damu ilikuwa nzuri akiwa amekaa. Shingoni hapakuwa na ile hewa chini ya ngozi inayotatarika ukiibonyeza, ambayo ingeashiria bomba la pumzi au pafu limetoboka.

Magonjwa mengine yanayofanana na hili hayakuchukua muda. Mvunjiko wa ncha ya ndani ya mtulinga au wa ubavu wa kwanza hauwezi kutengwa kwa vidole, lakini hutafutwa kwa picha ileile. Kiungo hiki kikivimba kwa mtu asiyeumia, mwenye homa, kisukari au kinga iliyoshuka, fikiria usaha au kifua kikuu kwanza. Mama wa makamo mwenye uvimbe mgumu upande wa mkono anaoutumia zaidi mara nyingi ni kusagika kwa kiungo tu. Wapo pia wasichana wenye viungo vilegevu ambao kiungo hiki hulia na kuchomoza bila maumivu wakinyoosha mikono juu. Hao waachwe, upasuaji huwaharibia kuliko kuwatengeneza.

Picha ipi, na inasomwaje

Eksirei ya bega huishia pembeni mwa kidari. Iliyokuwa kwenye bahasha ilikata mtulinga sentimita chache kabla ya kiungo, na hakuna ubaya, kwa sababu ndivyo bega linavyopigwa. Eksirei ya kifua inakiingiza kiungo, lakini inakifunika kwa uti wa mgongo, mbavu na kivuli cha mishipa mikubwa, na zaidi ya yote mfupa umekwenda nyuma, uelekeo ambao picha ya mbele haiwezi kuuonyesha. Mfupa unaweza kurudi nyuma sentimita mbili na picha ikabaki na sura ya kawaida.

Hata hivyo eksirei ya kifua isidharauliwe, maana ndiyo inayopatikana vituo vingi. Linganisha ncha mbili za ndani za mitulinga, ipi iko juu na ipi iko chini. Moja ikiwa imepishana na mwenzake kwa zaidi ya nusu ya upana wa kichwa cha mtulinga, shuku kuteguka. Kabla ya kushuku, hakikisha mgonjwa hakugeuka wakati wa kupigwa: miiba ya uti wa mgongo iwe katikati ya ncha hizo mbili. Mtu mwenye maumivu hugeuka kidogo, na kugeuka peke yake kunaweza kuzipandisha na kuzishusha ncha hizo.

Kuna pozi maalumu lililobuniwa kwa ajili ya kiungo hiki, na linawezekana kwenye mashine yoyote ya kawaida. Mgonjwa hulala chali, sahani ya picha ikawekwa chini ya mgongo wa juu na shingo. Bomba la mashine huinamishwa digrii 40 likielekea kichwani, likilenga sehemu ya juu ya kidari, kutoka umbali wa takriban mita moja na nusu kwa mtu mzima. Picha iwe pana kiasi cha kubeba nusu za ndani za mitulinga yote miwili. Usomaji wake ni wa kulinganisha: chora kwa macho mstari kupitia mtulinga usioumia. Ulioumia ukiwa juu ya mstari huo, umechomoza mbele. Ukiwa chini yake, umeingia nyuma. Ni picha nzuri, na fundi wa eksirei asiyewahi kuipiga anaweza kuelekezwa papo hapo. Kasoro yake ni kwamba inamtaka mgonjwa alale chali, na kijana wetu alikuwa ameshaonyesha kwamba hilo linamkaba. Kwake ingekuwa picha ya kulazimisha, tena isiyobadilisha uamuzi. Haikupigwa.

Ultrasaundi ina nafasi yake pale ambapo CT, mashine ya eksirei inayopiga mwili picha za vipande, iko mbali. Kifaa kikiwekwa kikatiza kiungo cha upande mzima, utaona kidari na mtulinga vikiwa karibu usawa mmoja. Upande ulioumia utaona mtulinga umeshuka kama ngazi. Inapigwa mtu akiwa amekaa. Ila inategemea sana mkono wa mpigaji, na haionyeshi vizuri kilichobanwa huko nyuma. Ikionyesha ngazi, iamini. Isipoonyesha, usimruhusu mgonjwa kwa sababu hiyo.

Picha inayomaliza ubishi ni CT, ikiwa na viungo vyote viwili ndani yake kwa kulinganisha, na ikiwezekana pamoja na dawa inayong'arisha mishipa ya damu. Msisitizo wangu ni juu ya neno "vyote viwili". Fomu ikiandikwa "CT ya mtulinga wa kushoto", unaweza kurudishiwa picha za upande mmoja, ukabaki unabishana kuhusu milimita bila cha kulinganishia. Kijana alikaa kwenye kitanda cha mashine hadi dakika ya mwisho, akalazwa, akapigwa, akainuliwa, muuguzi akiwa kando yake muda wote. Kwenye picha zilizokatwa mlalo, mtulinga wa kushoto ulikuwa nyuma ya kidari kwa karibu sentimita mbili. Vena kubwa iliyo nyuma yake ilikuwa imekandamizwa ikawa kama utepe, bila dawa kuvuja nje yake. Bomba la pumzi lilikuwa limesogezwa kulia kidogo. Pafu lilikuwa zima.

Na kulikuwa na kitu kimoja ambacho mtu angeweza kukipita: ganda jembamba la mfupa, mfano wa ukucha, lililobaki mahali pake kando ya kidari.

Miaka 20

Ganda hilo linahusu umri wake. Ncha ya ndani ya mtulinga ndiyo ya mwisho mwilini kukomaa. Kiini chake cha mfupa huanza kuonekana kati ya miaka 18 na 20, na huungana na mtulinga kati ya miaka 23 na 25. Kabla ya hapo kuna gegedu la kukulia katikati, nalo ni dhaifu kuliko kano. Kwa hiyo chini ya miaka 25, kinachoitwa kuteguka mara nyingi ni mvunjiko unaopita kwenye gegedu hilo: kichwa kidogo cha mfupa kinabaki na kidari, mtulinga uliobaki unaondoka. Kwa kijana wa miaka 16 ganda lenyewe halijawa mfupa, kwa hiyo halitaonekana hata kwenye CT.

Je, kuna tofauti gani ya kimatibabu? Mfupa ukiwa umechomoza mbele, tofauti ni kubwa, kwa sababu mvunjiko wa gegedu kwa kijana hujirekebisha wenyewe kadiri mfupa unavyokua, na mara nyingi kusubiri ndiyo tiba. Mfupa ukiwa umeingia nyuma na unabana umio na vena, hoja ya kusubiri ukue haina mahali. Nimewahi kusikia ikitolewa, kwa nia njema, na naona ni kuazima kanuni ya jeraha moja kwenda kwenye jingine. Faida moja aliyokuwa nayo kijana ni kwamba mvunjiko wa namna hii, ukirudishwa, hushika na kupona vizuri. Hasara ni kwamba unaanza pia kushika pale ulipo vibaya, na mapema.

Kumvuta wapi

Swali gumu la kisa hiki lilikuwa mahali pa kuurudisha mfupa. Kuurudisha bila kupasua hufanikiwa zaidi ndani ya saa 48 za kwanza, na saa hizo zilikuwa zimepita. Kila siku inayoongezeka inapunguza uwezekano. Wakati huohuo si kazi ya kufanyiwa kwenye kitanda cha chumba cha dharura, hata kama daktari ana mikono mizuri, kwa sababu moja: mfupa uliotoboa mshipa unaweza kuwa ndio unaoziba tundu. Ukiuvuta, unazibua. CT isiyoonyesha kuvuja inapunguza hofu hiyo, haiiondoi. Ndiyo maana mfupa hurudishwa kwenye chumba cha upasuaji, mgonjwa amelazwa usingizi, damu ya kuongezewa iko tayari, na daktari wa upasuaji wa kifua au mishipa ya damu yupo ndani ya jengo.

Daktari wa kifua asipokuwepo Dodoma, inabaki safari ya Dar es Salaam, takriban kilomita 450, na mtu ambaye hawezi kulala chali. Hapo ndipo unapopima. Kwa mgonjwa aliyetulia, anayepumua vizuri amekaa na ambaye CT haionyeshi kuvuja, ningesafirisha, akiwa amekaa, na muuguzi na oksijeni, na simu ikiwa imetangulia. Kwa yule anayekoroma kila pumzi na anayebadilika rangi, barabara ni hatari kuliko chumba cha upasuaji kilicho karibu, hata kama hakijakamilika kila kitu. Kati ya hao wawili kuna eneo ambalo watu wazima wenye akili zao watatofautiana, na sidhani kuna mwongozo utakaolimaliza. Kwa kijana huyu daktari wa kifua alipatikana, na mjadala ukaisha.

Mtaalamu wa usingizi alikuwa na wasiwasi wake, wa haki: bomba la pumzi lililosogezwa linaweza kufungana mara misuli inapolegea. Alimlaza akiwa ameinuliwa, akaweka mpira wa kupumulia mwembamba kuliko wa kawaida, ncha yake ikapita chini ya mahali palipobanwa. Kisha kijana akalazwa chali ukingoni mwa kitanda, shuka nene lililokunjwa likiwa chini ya mgongo, katikati ya mabega, ili mabega yaanguke nyuma. Mkono wa kushoto ulinyooshwa pembeni, ukavutwa polepole kufuata mstari wa mtulinga, msaidizi akimshikilia kiwiliwili upande wa pili kwa shuka, halafu ukarudishwa nyuma taratibu huku mvuto ukiendelea. Haukurudi. Kwa siku ya tatu, na kwa umri ule, hilo lilitarajiwa.

Ngozi ilikuwa imeshasafishwa na kutandikiwa vitambaa kwa ajili ya hatua ya pili. Daktari wa mifupa aliushika mtulinga kwa koleo lenye ncha kali kupitia ngozi, akaunyanyua mbele huku mkono ukivutwa. Ulirudi kwa mlio ambao watu wote chumbani waliusikia. Daktari wa kifua alisubiri, macho kwenye presha, hadi aliporidhika kwamba haishuki. Rangi ya kiganja ilikuwa imeanza kubadilika kabla ya bandeji kufungwa.

Endapo hata koleo lingeshindwa, hatua ingekuwa kufungua na kuushona mfupa mahali pake kwa uzi imara. Kisichofanywa kabisa ni kupitisha vyuma vyembamba kwenye kiungo hiki ili kukishikilia, ingawa kwa vidole na viwiko ni kazi ya kila siku. Kiungo hiki husogea kila mkono unaposogea, vyuma hulegea na kusafiri, na vimekutwa kwenye moyo na kwenye mishipa mikubwa. Wapo waliokufa kwa ajili yake. Mtu akikupendekezea chuma mahali hapa, muulize kitatoka lini na nani atahakikisha kimetoka chote.

Mfupa ulioingia nyuma ukirudishwa kwa kawaida hutulia, tofauti na uliochomoza mbele, ambao hurudi kwa urahisi na kutoka tena kwa urahisi uleule. CT ya pili ilionyesha ganda na mtulinga vimekutana, na vena imejaa upya. Alifungwa bandeji inayozunguka mabega yote mawili na kuyavuta nyuma, ya kukaa wiki sita. Jioni ile alimeza uji bila kusita. Ugali ulipita kesho yake. Sauti ilichukua muda zaidi, kama neva zinavyofanya.

Kituo cha afya kilichomwona kwanza kiliandikiwa barua. Haikusema mlikosea, kwa sababu eksirei yao ya bega ilikuwa sahihi. Ilieleza namna ya kuweka vidole gumba viwili, ikaomba kwamba kila aliyeumia bega au kifua cha juu aulizwe kama chakula kinapita na kama analala chali, na kwamba wakimshuku mtu mwingine asivutwe mkono, asilazwe chali, asafirishwe amekaa, na saa ya ajali iandikwe kwenye rufaa.

Lililoleta ubishi siku ya kuruhusiwa lilikuwa kazi. Kijana alikubali wiki sita za bandeji bila shida. Alipoambiwa kwamba magunia hayatabebwa kabla ya miezi mitatu, na lumbesa ni bora aiache kabisa, alinyamaza, akamtazama mama yake, kisha akauliza kama kuhesabu magunia na kuyaandika daftarini kunaruhusiwa, maana karani wa lori huwa anatafuta mtu. Anaandika kwa mkono wa kulia. Daktari alimruhusu kuanzia wiki ya pili, mradi asiguswe bega na asipande ubao wa lori.